Kisasi na Msamaha katika Riwaya ya Mapenzi: Mfano wa «Wuthering Heights»

Katika Kiswahili, kisasi hulipizwa. Kitenzi hiki kinatokana na «kulipa». Kwa hiyo mlipiza kisasi ni mtu anayedai deni. Riwaya nyingi za mapenzi zimejengwa juu ya dai la namna hii: mpenzi aliyesalitiwa hurudi kudai haki yake. Je, deni la moyo laweza kulipwa? «Wuthering Heights», riwaya ya Emily Brontë iliyotolewa Uingereza mwaka 1847, yatoa jibu la kuzingatiwa.

Heathcliff ni mtoto aliyeokotwa Liverpool na kulelewa na mzee Earnshaw. Mzee akiisha kufa, mwanawe Hindley anamshusha Heathcliff hadhi hata kuwa mtumishi wa shamba, tena asiye na masomo. Catherine, dada ya Hindley, anampenda. Walakini anakubali kuolewa na Edgar Linton, mtu wa ukoo wenye mali. Heathcliff anatoweka kwa miaka mitatu, kisha anarudi akiwa tajiri. Anamwoa dada ya Edgar pasipo mapenzi, anaitwaa nyumba ya Hindley kwa madeni ya kamari, na kumwacha Hareton, mwana wa Hindley, akue bila kujua kusoma. Hesabu imetimia, lakini mdai hana raha, kwani Catherine amekwisha kufa.

Kabla ya kifo hicho, Heathcliff alimwambia Catherine kwamba aweza kumsamehe aliyomtendea yeye, bali si aliyojitendea mwenyewe. Msamaha huo wa nusu haukuzuia kisasi.

Msamaha kamili unaonekana katika kizazi cha pili. Binti ya Catherine alimcheka Hareton alipojaribu kujifunza kusoma, naye kwa hasira akavitupa vitabu vyake motoni. Baadaye binti huyo anaomba radhi, anampa kitabu kiwe zawadi, na kuahidi kumfundisha. Hareton anakubali. Hivyo ujinga uliopandwa na kisasi unaondolewa na mkono uleule uliomdhihaki. Heathcliff, akiwatazama, anakosa hamu ya kuwaangamiza ingawa uwezo anao.

Basi tofauti ya kisasi na msamaha katika riwaya hii haimo katika kukumbuka au kusahau kosa. Katika kisasi, aliyekosewa hulipiza. Katika msamaha, aliyekosa hulipa kwa hiari yake, na aliyekosewa hupokea.