Kizazi Moto: Ni filamu ipi kati ya kumi inayostahili kuongoza?

MNAMO 2013, mvulana wa Kimaasai kutoka Kitengela, Richard Turere, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu huko California, Marekani, akaeleza jinsi alivyowazuia simba kula ng'ombe wa babake. Alikuwa amechukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akaviunganisha kwa nyaya kuzunguka boma. Taa hizo ziliwaka na kuzimika kwa zamu usiku kucha, na simba waliotoka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi wakadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Alipobuni mtambo huo alikuwa na umri wa miaka 11.

Miaka kumi baada ya hotuba hiyo, Julai 5, 2023, ulimwengu ulionyeshwa mchungaji mwingine kijana mwenye mitambo, ila huyu alikuwa wa kuchorwa. Ni Ndahura, mhusika mkuu wa Herderboy, mojawapo ya filamu fupi kumi za vibonzo zinazounda mfululizo wa Kizazi Moto: Generation Fire. Hizi ni hadithi za kisayansi kuhusu Afrika ya kesho, kila moja ikichukua takriban dakika kumi. Zilielekezwa na wasanii kutoka nchi sita: Afrika Kusini, Zimbabwe, Nigeria, Misri, Uganda na Kenya. Kampuni ya Triggerfish ya Afrika Kusini ndiyo iliyosimamia kazi hiyo kwa niaba ya Disney, huku Peter Ramsey, mmoja wa waelekezi wa filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka wa 2019, akiwa mtayarishaji mkuu.

Tangu siku hiyo mashabiki hawajaacha kubishana kuhusu filamu iliyo bora kuliko zote. Mzozo huo ni wa kawaida kila panapotokea mfululizo wa aina hii, lakini hapa una uzito wa kipekee. Filamu hizi hazina wahusika wanaojirudia wala hadithi inayoendelea kutoka moja hadi nyingine. Kila moja inasimama peke yake na jina la nchi yake. Anayezipanga kwa daraja, apende asipende, anaamua pia ni taifa lipi lililoielewa kesho vizuri zaidi.

Wengi huzipima kwa uzuri wa picha na kasi ya vituko. Kipimo hicho si kibaya, ila kinazipendelea filamu zenye mbio na mapigano. Taa za Turere zinatoa kipimo kingine. Mtambo wake haukuletwa Kitengela ili kupamba. Ulizaliwa na shida iliyokuwapo tayari, ya simba, ng'ombe na mtoto aliyekabidhiwa zizi. Kwa hadithi ya kisayansi, swali linakuwa hili: ukiiondoa mitambo yake, je, hadithi inaanguka? Na ukiziondoa mila zake, je, inaanguka vilevile? Ikiwa kimojawapo kinaweza kutolewa bila hasara, basi kiliwekwa kama pambo.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza inaiendea Enkai, kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii, mwelekezi aliyejulikana kwanza kwa Yellow Fever ya 2012, filamu fupi kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi. Msomaji atashuku upendeleo wa nyumbani, na ana haki ya kushuku. Lakini asikilize sababu kwanza.

Jina lenyewe linafahamika kwa kila mtoto wa Kimaasai katika Kaunti ya Kajiado. Enkai ni Mungu, na katika lugha ya Kimaa neno hilo hilo hutumika kwa mbingu na kwa mvua. Kiambishi chake cha mwanzo ni cha kike, jambo ambalo wageni wengi huliona kuwa geni, ilhali kwa wenyeji halina ajabu. Wazee husimulia juu ya Enkai Narok, aliye mweusi kama wingu lililojaa maji na mwenye huruma, na Enkai Nanyokie, mwekundu, anayekuja na kiu na ghadhabu. Wakikuyu na Wakamba walilichukua jina hilo wakalitamka Ngai. Masimulizi ya kale yanasema kwamba ng'ombe wote waliteremshwa kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Na ni wanawake, zaidi ya wanaume, waliozoea kutoka alfajiri wakinyunyiza maziwa na kuomba mvua.

Mukii aliipindua picha hiyo. Enkai wa filamu yake ni mtoto, mungu mdogo anayejifunza sanaa ya kuumba, na mzigo wa kuitunza dunia umemlemea mamake kwa sababu ya uharibifu wa wanadamu. Binti anagundua kwamba uumbaji, ambao kwake ulikuwa mchezo wa kufurahisha, una gharama, na kwamba gharama hiyo inamtafuna mtu anayempenda. Hakuna adui mwenye pembe wala vita vya anga. Kuna mama aliyechoka.

Anayeitazama filamu hiyo akiwa Kajiado hawezi kuiona kama ndoto ya mbali. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia, na mizoga ya ng'ombe ilitapakaa katika malisho yaliyokuwa yamegeuka vumbi. Wakati huo huo Kitengela, ambayo zamani ilikuwa njia ya nyumbu na pundamilia kutoka mbuga ya Nairobi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti, ilikuwa imejaa ua, mawe na mabati. Sensa ya 2019 iliukuta mji huo ukiwa na wakazi zaidi ya 150,000. Ardhi iliyokuwa ya pamoja chini ya sheria ya ranchi za vikundi ya 1968 iligawanywa, kisha vipande vikauzwa ekari kwa ekari. Swali la filamu, yaani nani anayelipa ili dunia iendelee kuwa hai, huulizwa huko kila msimu mvua inapochelewa. Mtoe mungu katika filamu hii na hakuna kinachobaki. Uitoe kesho iliyochafuliwa na mashine za binadamu, mungu hana sababu ya kuchoka. Ndiyo maana inaongoza.

Lawama moja inastahili. Dakika kumi hazikutosha. Mwisho unafika upesi mno, na mtazamaji hubaki akitamani kumjua mama huyo zaidi kabla hajaagana naye. Isitoshe, wako wazee ambao hawatafurahia kuona jina wanalolitaja katika dua likipewa mtoto wa vibonzo. Hoja yao haipaswi kupuuzwa, ingawa filamu yenyewe haimdhihaki anayeliitia jina hilo.

Ya pili ni Herderboy, yake Raymond Malinga wa Uganda, mwanzilishi mwenza wa studio ya Creatures jijini Kampala, iliyotoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka wa 2017. Ndahura anatamani kuwa Mchwezi, mmoja wa wachungaji wateule walio nusu watu, nusu mashine, na anapopata nafasi ya kujithibitisha anajikuta uso kwa uso na zimwi la kale. Majina hayo hayakubuniwa. Katika simulizi za Bunyoro-Kitara, Ndahura alikuwa mfalme wa Bachwezi, watawala wanaosemekana kutoweka kwa namna isiyoeleweka. Malinga aliwachukua wakuu hao wa jana akawafanya askari wa malisho wa kesho, na wazo hilo ni zuri kuliko mapigano yaliyojaa humo.

Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, mchungaji aliyeungana na mitambo si kichekesho. Tangu 2010, huko Marsabit, ilianzishwa bima ya mifugo inayotegemea setilaiti: chombo kilicho angani hupima rangi ya nyasi, na malisho yanapokauka kupita kiwango fulani, mfugaji hulipwa fidia. Huko Amboseli, kusini mwa Kajiado, ndovu wamekuwa wakivalishwa kola zinazotoa habari za mahali walipo. Mchungaji wa leo hubeba fimbo mkono mmoja na simu mkono wa pili. Malinga alichofanya ni kuiingiza simu hiyo mwilini. Iliyoizuia filamu hii kushika nafasi ya kwanza ni kwamba zimwi linaiteka hadithi, na ng'ombe, ambao ndio sababu ya yote, wanasahaulika.

Moremi ya Shofela Coker wa Nigeria inafuata kwa karibu sana, na anayeiweka juu ya Herderboy hatakosea kwa mengi. Inatokana na kisa cha Moremi wa Ile-Ife, malkia wa Wayoruba aliyemtoa mwanawe kafara ili kuwaokoa watu wake. Katika filamu, Moremi ni mwanasayansi, na Luo, mvulana aliye roho pweke, anawindwa na majitu yanayonyakua nafsi. Huzuni ya hadithi ya asili haikupunguzwa ili watoto wasilie, na kwa hilo Coker anastahili pongezi.

Mukudzei, ya Wazimbabwe Pious Nyenyewa na Tafadzwa Hove, inashika nafasi ya nne kwa sababu ya wazo lake. Kijana mpenda sifa za mitandaoni anaharibu magofu ya Zimbabwe Kuu, ghafla anajikuta katika ulimwengu mwingine ambako Afrika haikuwahi kutawaliwa na wakoloni. Wazo hilo lingetosha filamu ya saa mbili. Hapa linapita kama gari la moshi lisilosimama vituoni. Surf Sangoma, inayotuonyesha mji wa Durban mwaka wa 2050 ukiwa umejikinga na bahari, ni ya tano. First Totem Problems ya Tshepo Moche ndiyo inayochekesha zaidi: binti anasubiri kupokea ishara rasmi ya ukoo itakayomtambulisha kuwa mtu mzima, mambo yanaharibika, anajikuta miongoni mwa mababu. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwa ajili ya kitambulisho ataielewa bila kufafanuliwa.

Mkhuzi: The Spirit Racer ina mbio za magari na kijana aliye nusu Mzulu, nusu kiumbe wa sayari nyingine. Watoto wengi wataiweka ya kwanza, na waachwe waiweke. Kwa kipimo cha Turere ni ya saba, kwa sababu mila zake zingeweza kubadilishwa na za nchi nyingine na mbio zikaendelea. Stardust ya Ahmed Teilab wa Misri ni ya nane. Picha zake za jangwa zinapendeza, lakini binti anayekuta kwamba hati ya majaliwa yake haina kitu anastahili safari ndefu zaidi.

Ya tisa ni Hatima, kutoka Afrika Kusini, kuhusu ulimwengu uliogawanyika kati ya watu wa nchi kavu na wa majini. Msomaji wa Kiswahili atashangaa kuona neno lake likisafiri mbali hivyo, kisha atajiuliza kama jina hilo halikuifaa Stardust zaidi. You Give Me Heart, kuhusu dunia ambamo mtu hufanywa mungu kwa wingi wa mashabiki, inafunga orodha. Kejeli yake ni ya kweli, lakini imekwisha kutolewa mara nyingi kwingineko.

Kiswahili, basi, kimetumika kama bendera ya kazi yote. Waandaaji walieleza kwamba jina la mfululizo limetokana na kauli "kizazi cha moto". Wapo watakaolalamika kuwa kiunganishi kimeangushwa njiani, lakini wanaokunywa chai moto kila asubuhi hawana haki ya kulalamika sana. La kusikitisha zaidi ni kwamba chini ya bendera hiyo mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na hakuna mwelekezi hata mmoja kutoka Tanzania.

Linalosikitisha kuliko hilo ni suala la nani aliyeweza kuzitazama. Filamu hizi zilitolewa kupitia huduma ya intaneti ya Disney+. Huduma hiyo ilikuwa imefunguliwa Afrika Kusini mwezi wa Mei 2022 na Misri mwezi uliofuata. Kati ya nchi sita zilizotoa waelekezi, ni hizo mbili pekee zilizokuwa nayo siku ya uzinduzi. Kenya, Uganda, Nigeria na Zimbabwe zilichangia hadithi, majina na sauti, lakini familia ya Kitengela yenye intaneti nyumbani na pesa za kulipia haikuwa na mlango halali wa kupitia ili kuitazama Enkai. Aliyeishi London aliitazama siku ya kwanza.

Hali kama hiyo si ngeni. Pumzi ya Wanuri Kahiu, filamu ya Kenya ya 2009 kuhusu dunia iliyokaukiwa maji, ilisifiwa katika matamasha ya ng'ambo kabla ya Wakenya wengi kupata habari zake. Tinga Tinga Tales, vibonzo vilivyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia 2010, vilikuwa na bahati ya kupita katika televisheni. Tofauti ni kwamba safari hii orodha za filamu bora zilipangwa upesi na watu waliokuwa na ufunguo, na ndiyo maana filamu za mbio zilipanda huku ile ya mama aliyechoka ikisifiwa kwa adabu tu. Orodha ya watazamaji wa Bissil au Namanga, ambao wamehesabu mizoga na kusubiri mawingu, bado haijaandikwa.

Mzazi atakayebahatika kuzipata asianze na Enkai kwa mtoto wa chini ya miaka minane. Aanze na Herderboy, kisha First Totem Problems, na Enkai aiache hadi jioni ambayo kuna muda wa kujibu maswali.