Nani Ameiua Betri ya Karavani?

Karavani ni chumba chenye magurudumu: kitanda, jiko, choo na friji ndogo, vyote vikikokotwa nyuma ya gari. Marekani kuna familia zinazolala humo likizo nzima. Kambini pasipo na umeme, maisha yote hutegemea betri ya volti 12 iliyofungwa mbele, juu ya mkono wa chuma unaoshikana na gari. Asiyezoea mambo haya hudhani betri ni ya taa tu, kwa kuwa hita, jiko na friji vinatumia gesi. La hasha. Hita hiyo haiwaki bila feni, na feni ni ya umeme; friji nayo ina vidhibiti vinavyotaka volti zilezile 12. Betri ikizima saa nane za usiku, watu watatetemeka huku mtungi wa gesi umejaa, na asubuhi mtu atatimua mbio mjini kununua nyingine. Nasema kununua kuwe hatua ya mwisho. Betri nyingi zinazolaumiwa kambini ama hazijafa, ama zimeuawa na kitu kitakachoiua na mpya.

Chukua hifadhi ya Yellowstone. Kati ya kambi zake, Fishing Bridge peke yake ndiyo yenye plagi za umeme kwa karavani. Kwingine unaishi na ulichokuja nacho. Sehemu kubwa ya hifadhi iko juu ya mita 2,000, na usiku baridi huweza kufika nyuzi sifuri hata katikati ya kiangazi. Feni ya hita hula takriban ampea 7. Ikizunguka nusu tu ya usiku wa saa 10, imekula ampea-saa 35. Betri ya kawaida ya karavani ndogo ni ya ampea-saa 80 hivi, na betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo akiba halali ni 40. Ongeza pampu ya maji, friji, na kifaa cha kunusa gesi inayovuja, kisicholala, hesabu inaisha kabla ya alfajiri. Betri hiyo haiumwi, imeishiwa tu. Ukinunua mpya ya ukubwa uleule, usiku wa pili utakukuta gizani vilevile, ila na mfuko mwepesi.

Ushahidi unatolewa na mita ya bei ndogo. Zima kila kitu, iache betri ipumzike saa chache, kisha pima. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa; 12.0 hivi, iko karibu na nusu. Ikichajiwa usiku kucha na bado ikagota kwenye 10.5, jibu ni hilo: ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja hutoa volti 2.1, na 12.6 ukitoa 2.1 unabaki na 10.5. Chumba kimoja kimekufa, na hakuna fundi wa kukifufua. Lakini usiishie hapo. Washa jenereta, chomeka karavani, pima tena kwenye vichwa vya betri. Volti zisipopanda kupita 13, mshukiwa sasa ni njia ya chaji. Fungua kisanduku cha fyuzi uzitazame zile zinazolinda dhidi ya nyaya zilizogeuzwa. Hizo huungua pale mtu anapofunga chanya mahali pa hasi hata kwa mguso mmoja, na kosa hilo ni jepesi kuliko linavyosikika: kwenye gari waya mweusi huwa hasi, bali kwenye karavani nyingi za Marekani mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi. Fyuzi hizo zikiungua, karavani ikichomekwa taa zinawaka, ikichomolewa zinazima, na mwenyewe anaapa kwamba betri imekufa.

Atasema mtu: betri ina miaka mitano, imezeeka, uchunguzi wa nini? Uzee upo. Ila betri ya risasi huzeeshwa zaidi na kuachwa bila chaji, kwa sababu salfeti ya risasi hugandia kwenye bamba na kuwa ngumu, bamba likakosa pa kushikia moto. Karavani ikiegeshwa miezi ya baridi bila chaja, kile kifaa cha kunusa gesi pekee kinatosha kuimaliza. Mwenye sola nyumbani aliyefunga betri ya gari na kuishusha kila usiku hadi inveta ilie anaujua ugonjwa huu. Mwingine atasema: nunua lithiamu, yaishe. Ni nzuri kweli, nyepesi, na unaitumia karibu yote. Lakini inataka chaja inayofika volti 14.2 au zaidi, na za karavani nyingi za zamani hukomea 13.6, tena isichajiwe chini ya nyuzi sifuri, nayo ndiyo asubuhi ya Yellowstone.

Ikithibitika imekufa, piga picha ya nyaya kabla ya kushika spana. Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho, maana spana iliyo kwenye chanya ikigusa chuma cha karavani huku hasi bado imefungwa hutoa cheche, na betri inayochajiwa hupumua hidrojeni. Dukani watakupa haraka betri ya kuwashia injini, yenye mabamba membamba ya kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ikatae, dai yenye mabamba manene, ya kutoa moto kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Haraka ina haki mahali pamoja tu. Karavani ikichomoka kwenye gari barabarani, betri hiyohiyo ndiyo inayofunga breki zake. Iliyokufa kweli ibadilishwe kabla gurudumu halijatoka kambini.