Laptopu ya Tawi Inapolala Isiamke



Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Baadhi ya matawi yetu hayakuwa na fedha za kununua mashine mpya, yakaziweka laptopu zao kuukuu chini ya Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Helsinki, na mtu yeyote ana haki ya kuutumia, kuuchunguza na kuurekebisha bila kulipia leseni. Hatua hiyo tunaiunga mkono.

Lakini kila tunapotembelea mashamba na viwanda tunapokea lalamiko moja. Jioni katibu anafunga kifuniko, orodha ya saa za ziada ikiwa bado wazi. Asubuhi anafungua, kioo ni cheusi. Anabana kitufe cha kuwashia mpaka mashine inazimika, na madai ya kikosi kizima cha wachumaji chai yanapotea siku moja kabla ya kikao na mwajiri. Mwajiri hapungukiwi na kitu, karatasi zake anazo.

Ieleweke kwanza kwamba kulala siyo kuzimika. Laptopu ikilala, kazi iliyokuwa wazi hubaki katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Betri ikiisha, kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Tena usingizi ni wa namna mbili. Katika usingizi mzito karibu kila kitu huzimwa, ila kumbukumbu hupewa umeme kidogo. Katika usingizi mwepesi mashine hutulia tu, mfano wa mlinzi anayesinzia kitini, na mara nyingi betri huliwa zaidi. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimetoka kiwandani na usingizi mwepesi peke yake. Kujua yako ina upi, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

cat /sys/power/mem_sleep

Neno s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni mzito. Lile lililofungiwa katika mabano ya mraba ndilo linalotumika. Kama yote mawili yapo na s2idle ndilo lililofungiwa, jaribu lile jingine:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Badiliko hili hufutika mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo usiogope. Hifadhi kazi zote, kisha uilaze kwa dakika moja:

sudo rtcwake -m mem -s 60

Baada ya sekunde 60 inapaswa kuamka yenyewe. Rudia mara tano au sita, maana ugonjwa huu hujificha. Ikiamka kila mara, lifanye badiliko liwe la kudumu. Katika Ubuntu na ndugu zake, fungua faili /etc/default/grub kwa sudo, uongeze maneno mem_sleep_default=deep ndani ya alama za kunukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha uandike sudo update-grub. Zipo pia mashine za kinyume, zinazokwama katika usingizi mzito na kuamka vizuri katika mwepesi; hizo ziandikie s2idle mahali pa deep.

Kama deep halionekani kabisa, tazama mipangilio ya BIOS. Baadhi ya ThinkPad za mwaka 2018 zina sehemu ya kuchagua namna ya usingizi, na ukichagua Linux, usingizi mzito hupatikana. Pasipo na chaguo hilo, usiulazimishe.

Sasa tuje kwenye kioo cheusi. Usikimbilie kitufe cha kuwashia. Bonyeza Caps Lock uone kama taa yake inawaka na kuzimika. Ikifanya hivyo, huenda mashine i hai na kilichokwama ni kioo peke yake, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni programu inayoendesha picha. Jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiona maandishi yanayokutaka jina lako, shaka hiyo imepata nguvu. Kama taa haijibu, shikilia Alt na Print Screen, halafu bonyeza S, kisha U, kisha B, ukipumzika kidogo katikati. Katika Ubuntu herufi hizo huamuru yaliyokuwa yakingoja yaandikwe kwenye diski, diski ifungwe isiandikwe tena, mashine iwashwe upya. Barua ambayo hukuihifadhi haitarudi kwa njia hiyo, lakini mafaili mengine hunusurika. Kwenye laptopu nyingine itakubidi ushike na Fn.

Ikishawaka, soma kumbukumbu za safari iliyopita:

journalctl -b -1 -e

Ukiona mstari wa PM: suspend entry pasipo PM: suspend exit baada yake, huenda ilikwama ikiwa usingizini.

Ipo pia laptopu inayoamka ovyo ndani ya mkoba, ikapata joto na kumaliza betri njiani. Anza kwa kuchomoa mausi na vifaa vyote vya USB. Ukitaka kuona vifaa vilivyopewa ruhusa ya kuiamsha, andika cat /proc/acpi/wakeup.

Mpaka dosari ipatikane, izimeni kabisa kila jioni. Katika LibreOffice, akiba ya dharura huwekwa kila baada ya dakika 10. Punguzeni ziwe 2. Na mnapoomba msaada ofisini, msiandike tu kwamba haiamki. Leteni aina ya laptopu, jibu la ile amri ya kwanza, mistari 20 ya mwisho ya kumbukumbu, na betri ilikuwa asilimia ngapi jioni na ngapi asubuhi.