Mwanga unaosoma umri wa mbu

Mbu mchanga hana hatia ya malaria. Akikuuma siku ya tatu tangu aibuke majini, atakuachia muwasho tu, hata kama jana yake alifyonza damu ya mgonjwa. Vimelea alivyovimeza sharti vizaliane tumboni mwake, vikomae, kisha vifike kwenye tezi za mate, na katika joto la nchi zetu kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Majike wengi hufa kabla ya hapo. Malaria, basi, inaenezwa na wale wachache waliojaliwa kuzeeka. Mwingereza George Macdonald alipoupigia ugonjwa huu hesabu katika miaka ya 1950, aliona kwamba kufupisha maisha ya mbu mzima kunapunguza maambukizi kuliko karibu jambo lolote jingine. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi hiyohiyo: jike hurudi kutafuta damu kila baada ya siku mbili tatu, na kila anaporudi huenda asitoke.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama vyandarua vya kijiji fulani bado vina nguvu, kuhesabu mbu hakutoshi. Inabidi ujue wana umri gani. Na mbu hana cheti cha kuzaliwa.

Kwa miongo mingi jibu lilitafutwa kwa sindano na hadubini. Tatiana Detinova, mtaalamu wa Kisovieti ambaye kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962, aliwafundisha watafiti kumpasua jike, kutoa ovari zake na kuangalia vijirija vya hewa vinavyozizunguka. Vikiwa bado vimejikunja, jike hajataga; vikiwa vimenyooka, ameshataga angalau mara moja. Basi. Aliyetaga mara moja na aliyetaga mara nne wanaandikwa safu moja, na mpasuaji anahitaji mkono mwepesi, macho mazima na subira ambayo wengi wetu hatuna.

Ifakara, katika Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kuna taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi. Leo ni taasisi ya Kitanzania yenye jina kubwa duniani katika mambo ya mbu, na hapo watafiti waliamua kuacha kisu na kutumia mwanga.

Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ni miale ya infraredi ya kati, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2.5 hadi 25. Kila kifungo kinachoshika atomu mbili ndani ya molekuli hutikisika kwa mpigo wake, kama nyuzi za zeze, na hufyonza ile miale tu inayolingana na mpigo huo. Gamba la mbu lina kaitini, protini na nta, na viwango vyake hubadilika kadiri mbu anavyokua. Havilingani pia kati ya spishi na spishi. Mtafiti anamkausha mbu, anaweka kichwa na kifua chake juu ya kifuwele kidogo, anamgandamiza, anapitisha miale. Kompyuta inachora mstari wenye vilima na mabonde. Hakuna kemikali ya kuagiza ng'ambo, hakuna kipimo cha kutupa baada ya matumizi.

Jicho la mtu halioni umri katika mstari huo. Ndipo akili mnemba inapoingia: inalishwa maelfu ya mistari ya mbu ambao umri wao unajulikana, mpaka ijifunze kubagua.

Hatua za mwanzo zilitumia infraredi ya karibu, yenye mawimbi mafupi kuliko ile ya kati. Mwaka 2009 Valeliana Mayagaya wa Ifakara na wenzake walionyesha kwamba inaweza kutenganisha mbu walio chini ya siku 7 na waliozidi hapo, ikipatia kwa takriban asilimia 80, tena bila kumharibu mbu. Miaka kumi baadaye Emmanuel Mwanga na wenzake walitumia infraredi ya kati kuuliza swali jingine: damu iliyomo tumboni ni ya nani? Mashine ilitofautisha damu ya mtu, ng'ombe, mbuzi na kuku kwa usahihi wa asilimia 98 hivi. Binafsi naliona hili tamu kuliko yote. Kama vyandarua vinamsukuma mbu kutoka chumbani kwenda zizini, hapo ndipo utakapoyaona mabadiliko hayo. Mwaka huohuo waliielekeza miale kwenye matone ya damu ya watu yaliyokaushwa kwenye karatasi, na ikabaini walio na vimelea vya malaria kwa usahihi wa asilimia 92.

Msomaji aliyezoea habari za sayansi anajua asilimia za namna hii hupatikana pale mambo yalipopangwa vizuri. Mbu wa maabara hulala kwenye joto moja, hula chakula kimoja, ni ndugu wa ukoo mmoja. Mbu wa Kilombero ametoka kwenye dimbwi la shamba la mpunga, ameshinda na njaa, amenyeshewa. Mashine iliyofunzwa kwa mbu wa jengo moja ilitatizika ilipoletewa mbu wa jengo lingine: timu ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walilinganisha mbu waliofugwa pande zote mbili, na elimu ya upande mmoja haikuvuka salama hadi wa pili. Dawa yake ikawa nyepesi kuliko ilivyotarajiwa. Ukiiongezea mashine sampuli chache tu za mahali papya, inajirekebisha.

Somo hilohilo linaonekana kwa ukubwa zaidi katika utafiti ulioongozwa na Doreen Siria, uliochapishwa mwaka 2022. Walitumia mbu wapatao 40,000 wa aina tatu za jamii ya Anopheles gambiae, mbu waenezao malaria, kutoka Tanzania na Burkina Faso, wa maabara na wa porini. Mashine iliweza kukadiria umri wa mbu wa mwituni, na ilipopewa idadi ya mbu iliyoigiza kijiji kilichopewa kinga, iliyaona mabadiliko. Hapo ndipo kipimo kinaanza kumfaa mpanga mipango.

Mwanga una kazi nyingine bondeni humo, ya mbu walio hai. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete juu ya kusini mwa Tanzania, Watanzania wengi walikwenda Rujewa kutazama. Kikundi kilichoongozwa na Mikkel Brydegaard wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, kilikuwa ukingoni mwa kijiji cha Lupiro, Ulanga, kikiangaza leza angani kwa umbali wa nusu kilomita. Mdudu akikatiza mwale, mbawa zake hurudisha mwanga unaometameta kwa kasi ya mapigo yake, na kwa kuwa dume la mbu hupiga mbawa kwa kasi kuliko jike, kifaa kinawajua. Kwa usiku tano na mchana nne walirekodi wadudu wapatao theluthi moja ya milioni, na wakaona jinsi giza la adhuhuri lilivyovuruga ratiba ya mbu. Ni kazi ya kupendeza, ila bado iko mbali na zahanati.

Infraredi iko karibu zaidi, lakini kifaa chake kinauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na halmashauri inayohangaika na petroli ya gari la chanjo haitakinunua. Njia ya busara ni mbu wakaushwe wilayani na kupelekwa kituo kimoja, jambo linalowezekana kwa sababu mbu mkavu havundi. Nchi ina sababu ya kuharakisha: mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo.

Kikwazo kigumu zaidi, hata hivyo, hakitokani na mwanga wala bei. Wale mbu 40,000 walikuwa wa jamii ya gambiae, ilhali katika Bonde la Kilombero zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi sasa yanatoka kwa mwingine, Anopheles funestus. Kuifundisha mashine kumjua funestus kunadai maelfu ya majike ambao siku yao ya kuzaliwa inajulikana, yaani waliofugwa. Kazi imeanza, lakini funestus ni mbishi: ukimtia kizimbani hali vizuri, hapandani, na mayai yake ni ya kubembeleza. Watafiti wenye leza na akili mnemba wanarudi kwenye beseni la viluwiluwi, kutafuta chakula atakachokubali.