Kwa nini nakusanya majarida ya ndege ya Wanazi

Wadau, leo tuache siasa za nyumbani kidogo. Juzi rafiki yangu kapita kwangu hapa Berlin, akakuta mezani jarida lina picha ya ndege ya kivita, na kwenye mkia wake swastika hiyoo. Akaliangalia, akaniangalia. "Kaka, na wewe umeshajiunga nao?" Tukacheka, lakini swali lenyewe lilinikaa kichwani. Basi nimeona nieleze hapa, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Jarida linaitwa Der Adler, yaani Tai. Lilianza Machi 1939, miezi sita kabla ya vita, likichapishwa hapa Berlin na kampuni ya Scherl kwa ushirikiano na Wizara ya Anga ya Hermann Göring. Lilikuwa likitoka kila wiki mbili, bei senti 20 za Kijerumani, mpaka lilipokufa Septemba 1944. Kulikuwa na matoleo ya Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano pia. Kazi yake ilikuwa mbili: vijana wa ndani watamani kuwa marubani, na watu wa nje waogope. Na picha zake, jamani, ni kali hata leo. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Miji inayopigwa mabomu unaionyeshwa kutoka juu tu, mapaa na moshi. Waliokuwa chini ya mapaa hayo hutawaona.

Mimi nalikusanya kwa ajili ya uongo wake. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ndege iliyoitwa He 113. Kiwanda cha Heinkel kilikuwa kimetengeneza ndege ya kivita yenye mbio sana, He 100, lakini jeshi la anga halikuitaka, likaendelea na Messerschmitt Bf 109. Zikabaki ndege 12 tu za aina ya mwisho, zikilinda kiwanda chenyewe kule Rostock na kurushwa na marubani wa majaribio wa kiwanda. Mwaka 1940 watu wa propaganda wakazichukua hizo hizo, wakazipaka rangi na nembo za vikosi ambavyo havikuwepo, wakazipiga picha. Wakafuta nembo, wakachora nyingine, picha tena. Kisha Der Adler na wenzake wakatangaza kwamba ndege mpya, He 113, iko kazini na imeshajaribiwa vitani Denmark na Norway!

Na uongo ukafanya kazi. Marubani wa Uingereza waliorudi kutoka angani mwaka ule waliandika kwenye ripoti zao kwamba wamepigana na He 113. Hazikuwepo. Walichokutana nacho ni Bf 109, ila macho yalishaambiwa cha kuona. Nikishika toleo lenye picha zile nashika silaha yenyewe iliyotumika, wala si habari za kuisimulia tu.

Mwingine wa kumfuatilia ni Ernst Udet, rubani shujaa wa Vita vya Kwanza. Huyu kwetu alifika: mwaka 1930 hadi 1931 aliruka na ndege zake ndogo Afrika Mashariki akipigiwa filamu juu ya wanyama. Baadaye akawa mkubwa wa mambo ya ndege chini ya Göring, kazi ikamshinda, lawama zikamwelemea, na tarehe 17 Novemba 1941 akajipiga risasi. Serikali ikatangaza kwamba amekufa akijaribu silaha mpya, akazikwa kwa heshima zote. Toleo lolote la miezi ile lisome ukijua hilo.

Sasa, kwa anayetaka kuanza. Mimi nilianza kwa kuibiwa. Muuzaji mmoja kwenye soko la vitu vya zamani aliniuzia nakala safi mno, nikajiona mjanja. Kumbe imechapwa upya miaka ya karibuni! Karatasi ya wakati wa vita ni duni, ina asidi, huanza kuwa njano kwenye kingo na kukatika ukiikunja. Pini zake zina kutu, na kutu hiyo imeshaingia kwenye karatasi. Halafu kuna dawa moja rahisi: ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani. Karatasi za kisasa nyingi zimetiwa dawa ya weupe, zikimulikwa zinang'aa rangi ya samawati. Karatasi ya 1940 haina hiyo, inabaki imefifia. Siku hizi taa yangu iko mfukoni kila Jumapili, na wauzaji wameshanizoea. Wengine hawanipendi, poa tu.

Ukishanunua, laza jarida, usilisimamishe. Weka gizani, pakavu, ndani ya bahasha isiyo na asidi. Yale mafaili laini ya plastiki ya PVC yaepuke, yanatoa mvuke unaokula karatasi. Na kwa mlioko Ujerumani: kuonyesha swastika hadharani ni kosa la jinai, isipokuwa kwa elimu, utafiti na mambo kama hayo. Ndiyo maana sokoni utaona wamebandika stika juu yake. Ile niliyoiacha mezani ilikuwa ndani ya nyumba yangu, lakini picha yake siiweki hapa.

Turudi kwa rafiki yangu. Nilimchukua siku ile ile mpaka Brunnenstraße, nikamwonyesha kibao kidogo cha shaba kilichotiwa njiani mwaka 2007. Kina jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza. Alikuja Berlin 1929, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 1944. Miaka ile yote Der Adler lilikuwa likiuzwa mji huu huu aliokuwa akiishi. Rafiki yangu alisoma kibao, akanyamaza. Njiani kurudi akaniomba amuazime lile toleo la He 113. Nikamwambia alisomee kwangu, halitoki nje.

Ombi langu kwenu: Waingereza nao walikuwa na yao kwa Kiswahili, Mambo Leo pale Dar na Baraza kule Nairobi. Kama kuna sanduku la babu lenye nakala za 1939 hadi 1945, tafadhali msifungie maandazi. Niandikieni, nataka kuzilinganisha.