Sauti Kwanza: Jinsi Mississippi Ilivyoinua Usomaji

Katika maandishi ya Kiswahili herufi "a" hutamkwa vilevile popote inapoandikwa, ilhali mtoto wa Marekani anayejifunza kusoma Kiingereza hukabiliwa na herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, kiasi kwamba herufi nne zilezile "ough" hutamkwa kwa namna moja katika "though" na kwa namna nyingine kabisa katika "tough". Kutokana na ugumu huo, wataalamu wa nchi hiyo walivutana kwa miongo mingi: baadhi walishikilia kwamba mtoto anaweza kukisia neno kwa kutazama picha au muktadha, na wengine wakasisitiza afundishwe waziwazi, kwa mpangilio, uhusiano wa sauti na herufi, mbinu iliyoungwa mkono na ripoti ya Jopo la Kitaifa la Usomaji mwaka 2000.

Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini zaidi nchini humo, ilipitisha mwaka 2013 sheria inayomtaka mwanafunzi wa darasa la tatu asiyemudu kusoma arudie darasa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Adhabu hiyo peke yake isingetosha. Ndiyo maana jimbo lilipeleka wakufunzi wa usomaji katika shule zilizobaki nyuma, likawanoa walimu upya, na likaagiza watoto wapimwe mara kadhaa kwa mwaka kuanzia chekechea. Katika NAEP, yaani tathmini ya kitaifa inayopima sampuli ya wanafunzi wa kila jimbo, wastani wa usomaji wa darasa la nne ulipanda kutoka 209 mwaka 2013 hadi 219 mwaka 2019, ukalingana na wa shule za umma nchini kote. Mwaka 2024 ulikuwa 219, huku ule wa taifa ukishuka hadi 214.

 

Hata hivyo, mwaka 2024 wanafunzi wa darasa la nane wa Mississippi walikuwa bado chini ya wastani wa taifa katika kusoma, labda kwa sababu kulitamka neno si kulielewa, na uelewa hudai msamiati na maarifa yanayojengwa kwa miaka mingi baada ya darasa la tatu.