Nguvu na Kasi: Aina za Unyanyuaji Vyuma kwa Wanamichezo wa Thika na Ruiru

Utangulizi

Neno "nguvu" katika Kiswahili limebebeshwa maana nyingi. Mchukuzi wa mawe katika matimbo ya Juja, mji ulio kati ya Ruiru na Thika, husemwa ana nguvu. Mkimbiaji anayechomoka mstarini husemwa vivyo hivyo. Hata hivyo, nguvu hizo si za namna moja. Makala haya yanakusudia kubainisha tofauti hiyo na kueleza jinsi aina mbalimbali za unyanyuaji vyuma zinavyoweza kumfaa mwanamichezo wa miji hiyo.

Nguvu na nguvu za kasi

Nguvu ni uwezo wa misuli kuushinda uzito, hata kama ni polepole. Nguvu za kasi ni uwezo wa kuushinda uzito kwa muda mfupi. Anayeinua kilo 100 kwa kimo cha mita 1 katika sekunde 2 hutoa wastani wa wati 500 hivi. Anayeinua kilo 60 kwa kimo kicho hicho katika nusu sekunde hutoa wati 1,200 hivi. Mzigo wa huyu wa pili ni mwepesi, lakini nguvu zake za kasi ni zaidi ya maradufu.

Tofauti hii ina uzito mkubwa michezoni. Unyayo wa mkimbiaji wa mbio fupi aliye katika kasi ya juu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali misuli huhitaji sehemu tatu za kumi au zaidi ili kufikia upeo wa nguvu zake. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani, kando ya Barabara ya Thika, mnamo Septemba 2021, hakuwa na nafasi ya kukusanya nguvu polepole.

Aina za unyanyuaji

Mashindano ya Olimpiki yana minyanyuo miwili. Katika wa kwanza, chuma hutolewa sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Katika wa pili, hutuliwa mabegani kwanza, kisha husukumwa juu. Yote miwili hudai vifundo vya miguu, magoti na nyonga vinyooke kwa pamoja na kwa ghafla, kama afanyavyo anayeruka.

Kuimudu minyanyuo hiyo kikamilifu huchukua muda mrefu. Kwa hiyo wakufunzi huigawa. Chuma huweza kuanzia mapajani badala ya sakafuni. Aidha, huweza kupokelewa mabegani magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu. Tena, huweza kuvutwa kwa kasi bila kupokelewa kabisa. Uzito mkubwa hujenga nguvu, mwepesi hujenga kasi. Mwanamichezo huhitaji vyote viwili.

Kuchagua kulingana na kifaa

Mitaani, vijana wengi hujitengenezea vyuma kwa kujaza saruji katika mikebe miwili na kuiunganisha kwa bomba. Chuma cha mashindano, chenye kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, kina ncha zinazozunguka, hivyo mzigo haumpindi mnyanyuaji mikono anapougeuza. Mikebe ya saruji haizunguki, wala haifai kuachiliwa ianguke. Kuipokea mabegani kwa kasi ni kuhatarisha vifundo vya mikono. Anayeitumia afadhali achague kuvuta bila kupokea, mgongo ukiwa umenyooka, mara 3 hadi 5 kwa kila awamu, kisha apumzike dakika 2 au 3. Kasi ikipungua, asimame.

Hitimisho

Mkufunzi anayemwambia kijana wa Ruiru "ongeza nguvu" hana budi kueleza ni nguvu zipi. Kijana akilielewa neno hilo kuwa ni uzito tu, ataongeza saruji hadi mgongo umuume, na mbio zake zibaki zile zile.